Kiapo cha Betri ya Tatu

Dualeh hakumwita Kabale mwizi wakiwa wawili. Alisubiri yadi ijae kwanza. Madereva wa malori ya Moyale walikuwa wamerudi kutoka swala ya Adhuhuri, wapakiaji wamekaa juu ya magunia wakinywa chai, na Mzee Waqo, mwenyekiti wa yadi, alikuwa ndiyo kwanza anavuta kiti chake kivulini. Hapo ndipo Dualeh alipoitua betri katikati ya uwanja kwa kishindo, na kila mtu akageuka. Huo ndio uliokuwa ubaya wake: alijua kuchagua mahali.

"Hii ni ya tatu," alisema. "Betri tatu ndani ya miezi miwili. Zote nimechukua kwa huyu mama, zote zikiwa mpya, zote zimekufa. Sasa mniambie, betri mpya inakufaje kama mbuzi ya kiangazi? Mimi naona hivi. Gari ikija kwake, yangu inatolewa, inawekwa ya zamani iliyopakwa mafuta ing'are."

Kabale alikuwa amelala chini ya lori la mtu mwingine, koleo mkononi. Alisikia kila neno. Akatoka taratibu, akajipangusa mikono kwenye ovaroli aliyoivaa juu ya dera, akaurekebisha mtandio wake. Uso ulikuwa unamwaka moto, lakini sauti aliituliza.

"Dualeh, kila betri naikwaruza tarehe na msumari, hapa kwa kichwa ya risasi, mahali waya inafungwa. Angalia. Ni ile ile niliyokupa."

"Na msumari ni ya nani? Si ni yako?"

Watu watatu wakacheka. Hakikuwa kicheko cha chuki, lakini Kabale aliwatia wote watatu moyoni, mmoja mmoja, kwa majina yao.

Miaka kumi na moja alikuwa fundi wa waya za magari katika yadi ile ya mtaa wa Wabera, mjini Isiolo, mwanamke pekee. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na kibanda cha mabati na mita ya kupimia stima iliyofungwa kwa mpira wa tairi. Dharau ya kila siku alishaizoea, ile ya dereva anayeuliza fundi yuko wapi huku anamtazama machoni. Wizi lilikuwa jambo jingine. Fundi huachiwa ufunguo wa gari la mtu, na fundi akishaitwa mwizi hakuna atakayemwachia hata tochi.

Dualeh akamgeukia Mzee Waqo. "Ijumaa, baada ya swala. Aweke mkono juu ya Msahafu, hapa mbele ya watu, aseme hajagusa betri yangu. Akiapa, mimi nanyamaza. Akikataa, atoke kwa hii yadi."

"Kiapo si kitu ya mchezo, Dualeh," Mzee Waqo alisema.

"Na mimi sichezi."

Kila mtu pale alikijua kiapo. Baba yake Kabale aliwahi kusingiziwa tairi la lori, akaona heri atoe mbuzi wake wawili kuliko kuweka mkono juu ya Kitabu cha Mungu kwa ajili ya mpira. Alisema mtu akishaapishwa, hata kama ni safi kama maji ya mvua, watu watamwita aliyeapishwa mpaka aingie kaburini. Kabale alikulia ndani ya maneno hayo. Aliogopa, na hakuwa na haya ya kujiambia kwamba anaogopa.

Gari lenyewe lililoleta balaa lilikuwa limeegeshwa langoni. Lilikuwa gari la kulala, refu, jeupe, lenye kitanda, jiko la gesi, sinki ndogo na mapazia ya maua. Wazungu wawili wazee walikuwa wamelileta kwa barabara kutoka kwao, wakafika Isiolo wamechoshwa na joto na wamechokana wao kwa wao, wakamuuzia Dualeh na kupanda ndege. Dualeh alikuwa na malori manne mjini na ngamia kule Sericho, na alilitaka kwa safari za huko, alale juu ya godoro bila kuamka na nge kwenye kiatu. Watu wakaliita nyumba ya Dualeh.

Lilikuja na betri mbili, moja ya kuwashia injini na nyingine ya taa na vyombo vya ndani. Kabale alimwambia asiiguse ile ya pili. Dualeh akajibu kwamba betri mbili ni za lori la tani kumi, si za kitanda. Akamwita fundi mwingine, Salesio, akaing'oa, akaziunganisha waya zote kwenye betri moja, na ile nyingine ikapelekwa nyumbani kuwasha balbu za ukumbini. Haya yote Dualeh alikuwa ameyasahau, au alijifanya ameyasahau.

"Niachie gari mpaka kesho," Kabale alisema. "Kama inakunywa betri, nitaona inakunywa wapi."

"Ilale kwako? Ili uibe na tairi?"

"Askari wa yadi atakaa mlangoni," Mzee Waqo akakata. "Mwachie."

Mchana ule wote Kabale alilichambua lile gari. Aliichaji ile betri ya tatu mpaka ikajaa, akairudisha, akachomoa waya hasi na kuiweka mita katikati, ili kila tone la stima linalotoka kwenye betri lipite mbele ya macho yake. Injini imezimwa, milango imefungwa, taa hakuna. Mita ikasoma ampea sifuri nukta moja. Akaanza kuchomoa fiuzi moja moja: ya redio, ya taa za ndani, ya pampu ya maji, ya soketi za simu. Kila akichomoa moja anatazama mita, na namba haishuki. Hata fiuzi zote zilipokuwa zimelala kwenye kifuniko cha sufuria, ile nukta moja ilibaki pale pale.

Akajiambia hiyo ni saa tu, saa fulani ndogo mahali fulani. Hapo ndipo alipokosea, na baadaye alijilaumu sana. Fiuzi zote zikitoka na bado kitu kinakunywa, basi kuna waya uliotoka kwenye betri moja kwa moja, na fundi hana budi kuufuata mpaka unapoishia. Baba yake asingeupuuza. Lakini nukta moja haiui betri kwa usiku mmoja, na kichwa chake kilikuwa kimejaa kicheko cha wale watu watatu.

Asubuhi ya Jumatano gari liliwaka kwa mguso wa kwanza. Dualeh alisimama akaisikiliza injini, mikono nyuma, na badala ya kufurahi akanuna zaidi.

"Kwako inawaka, kwangu inakufa. Wewe fundi, hiyo inakuambia nini?"

"Inaniambia shida iko kwako."

"Kwangu?"

"Nyumbani. Kuna kitu mnafanya kwa hii gari ikishafika nyumbani."

Dualeh akamsogelea mpaka Kabale akasikia harufu ya hiliki mdomoni mwake. "Nyumba yangu ina mama yangu na watoto yangu. Umetoka kuniibia, sasa unataka kutukana mama yangu." Akapanda gari, akaondoka akiwarushia vumbi waliokuwa kwenye chai. Kabale akaokota mita yake, akarudi kibandani.

Alhamisi alfajiri simu yake ikalia. Dualeh hakusalimia. "Njoo uone kazi yako," alisema, akakata.

Boma la Dualeh lilikuwa mtaa wa tatu kutoka msikitini, lenye ukuta mrefu na geti la bluu. Gari la kulala lilikuwa limesimama ubavuni mwa chumba cha mafriza, kwa sababu mama yake Dualeh, Fahmo, alifanya biashara ya maziwa ya ngamia. Mitungi ililetwa na wafugaji asubuhi na jioni, maziwa yakapozwa na kusafirishwa Nairobi. Mafriza yale yalinguruma usiku na mchana bila kupumzika, na wenyeji wa boma walishasahau kwamba yananguruma.

"Salaam aleikum, Mama Dualeh," Kabale alisema.

Fahmo alikuwa mwanamke mkavu, mgongo umenyooka, vidole vimepakwa hina. Aliitikia kwa sababu salamu ni lazima iitikiwe, na aliitikia kwa midomo tu. Kisha akarudi kwenye mitungi yake.

Betri ilikuwa imekufa kabisa. Kabale aliigusisha taa ya kupimia, haikutoa hata wekundu. Betri ikishakuwa hivyo haina la kusema: hakuna stima inayotoka, kwa hiyo hakuna cha kupima. Akauliza kinachoweza kuulizwa.

"Jioni nani anaingia kwa gari?"

"Hakuna mtu anaingia," Fahmo alisema.

"Watoto kucheza? Mtu kusikiliza redio?"

"Nimesema hakuna mtu. Ama unataka kuniapisha na mimi?"

Kabale alifungua mlango wa gari akaingiza kichwa. Mapazia yalinukia uunsi, ule ubani mtamu wa kufukizia nyumba. Hakushtuka. Nyumba gani ya Kiislamu mjini isiyonukia hivyo? Hata mtandio wake mwenyewe ulinukia. Akaufunga mlango.

"Nitarudi Alasiri na betri ya kukopa," alimwambia Dualeh. "Nitaifunga na mita yangu, nitakaa hapa chini nitazame."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nione."

"Kaa. Kesho ni Ijumaa, kumbuka."

Alikumbuka. Tangu Jumanne hakuwa amekumbuka kitu kingine. Alasiri alirudi na betri ya pikipiki ya magurudumu matatu akaiona ndogo, akairudisha, akakopa ya lori dogo, akaifunga. Akageuza jerikani, akaikalia, akaiweka mita mapajani. Sifuri nukta moja. Jua lilimchoma upande mmoja wa uso na ukuta ukamrudishia joto upande wa pili.

Mwanamke aliyeleta maziwa alipewa chai. Dereva wa Dualeh alipewa chai. Birika lilipita mbele ya Kabale mara mbili, likiwa linatoa mvuke, na Fahmo akamwambia mwenye maziwa, kwa Kiswahili ili Kabale asikie vizuri, "Chai ni ya wageni." Kabale akaendelea kutazama mita. Aliwachukia wote wawili, mama na mwana. Aliwachukia kwa uhakika wao, kwa namna walivyolala usingizi mzuri wakijua wamemharibia mtu jina. Na chini ya chuki ile kulikuwa na hofu, maana namba ilikuwa haiondoki pale ilipo na jua lilikuwa linashuka.

Adhana ya Magharibi iliposomwa alitandika leso pembeni ya gari, akaswali upesi upesi, akarudi kwenye jerikani. Namba ile ile.

Ndipo Fahmo akatoka na dabqaad, chetezo chake cha udongo, makaa mekundu ndani na moshi wa uunsi unapanda. Alianzia sebuleni, akaenda chumba cha watoto, akaenda stoo. Kabale hakumwangalia, kwa kuwa hayo yalikuwa yakifanyika wakati uo huo katika nusu ya nyumba za mtaa. Alimwona tu alipofika kwenye gari. Fahmo akafungua mlango kama hamwoni mtu aliyekaa pale, akakiweka chetezo sakafuni kati ya kitanda na jiko, akavuta mapazia, akasimama nje akisoma dua kimyakimya. Taa ya ndani iliwaka kwa sababu mlango ulikuwa wazi, na mita ikapanda kidogo kama inavyotakiwa. Baada ya muda akatoa chetezo, akafunga mlango. Taa ikazimika.

Mita haikushuka. Ilipanda mpaka tano, ikatulia hapo.

Kabale aliitazama ile tano kama mtu aliyeletewa barua. Kisha akainuka.

"Mama Dualeh, umefanya nini ndani ya gari?"

"Sijafanya kitu."

"Umeingia sasa hivi. Nimekuona."

"Sikuingia," Fahmo alisema. "Nimefukiza."

"Kila jioni unafukiza?"

Fahmo akamwangalia kama mtu anayeulizwa kama huwa anapumua. "Hii ina kitanda, ina jiko, mtoto wangu analala ndani. Si ni nyumba? Nyumba isiyofukizwa wanahamia wengine, wale hatuwaoni. Wewe mama yako hakukufunza?"

"Zima friza dakika moja, tafadhali. Nataka kusikia."

"Maziwa yangu iharibike kwa sababu yako? Sizimi."

Hakuzima. Kabale akalala chali, akajisukuma chini ya gari, tochi mdomoni, akitafuta kwa mikono. Karibu na gurudumu la nyuma palikuwa na tundu lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Akasogeza uso. Upepo ukampiga machoni, upepo wa feni, mtamu, umejaa uunsi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumanne alitamani kucheka.

Aliingia ndani, akang'oa ubao wa chini ya kitanda. Pale palikuwa na kijisanduku kidogo kama sabuni ya kipande, taa nyekundu inawaka juu yake, na waya wake ukielekea kwenye betri moja kwa moja bila kupita kwenye fiuzi yoyote. Wale wazungu waliogopa kulala na jiko la gesi. Walifunga kitu cha kunusa. Kikinusa gesi kinaendesha feni ya kuitoa nje, na kikishaanza hakiachi mpaka mtu akibonyeze. Kinyume na binadamu, kitu kile hakikujua tofauti ya gesi na uunsi. Kila jioni Fahmo alikiamsha, kikanywa betri mpaka alfajiri, sauti yake ikimezwa na mafriza. Watu walipoamka, feni ilikuwa imezimika na taa imezimika, na ushahidi wote umekufa pamoja na betri. Ile nukta moja aliyoipuuza ilikuwa ni hicho kijisanduku, macho yake wazi, kikisubiri kitu cha kunusa.

Dualeh alipotoka msikitini alimkuta ameshikilia ubao mkononi. Kabale akamweleza polepole, neno kwa neno. Akabonyeza kitufe, tano ikarudi nukta moja. Akamwomba Fahmo alete chetezo tena, ili Dualeh aone mwenyewe.

"Usilete, Hooyo," Dualeh alimwambia mama yake.

"Basi weka mkono hapa chini, usikie upepo uliobaki," Kabale alimwambia.

Hakuweka mkono. Alisimama akakiangalia kile kijisanduku, na Kabale akaona usoni mwake kwamba ameelewa. Hilo ndilo lililomtia baridi. Dualeh alielewa kila kitu.

"Mama yangu amefukiza nyumba miaka hamsini," alisema. "Hakuna siku nyumba ilikufa betri."

"Nyumba ya mawe haina betri, Dualeh. Na hii ilikuwa na mbili. Ungeacha ile ya pili, feni ingekunywa hiyo, na gari ingewaka kila siku."

"Kwa hivyo kesho niende yadi niambie wanaume nilisimamisha watu, niliita kiapo, kumbe ni mimi nilitoa betri na mama yangu anaua zingine na uunsi. Wanicheke mpaka Marsabit."

"Na mimi niwe mwizi ili wewe usichekwe?"

Dualeh alikung'uta kanzu yake ingawa haikuwa na vumbi. "Kesho ni Ijumaa," alisema. "Kiapo iko pale pale."

Kabale alifungua betri ya kukopa, akaviringisha nyaya za mita yake. Hakumtazama Dualeh tena. Alimtazama Fahmo, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na chetezo chake.

"Mama Dualeh, tangu Jumanne nimeogopa hicho kiapo. Sijalala. Sasa nitaweka mkono, na sitaogopa. Mimi ni safi, na wewe umeona kwa macho yako. Wewe ni mtu mzima. Unajua kiapo cha mtu safi, akilazimishwa, inarudi kwa nani. Hairudi kwa betri. Inarudi kwa aliyeapisha, na watoto yake, na ngamia yake."

"Usitishe mama yangu," Dualeh alisema.

"Simtishi. Namkumbusha."

Makaa yalikuwa yanamalizikia ndani ya chetezo, na Fahmo alikuwa ameyasahau.

Ijumaa Kabale alioga, akavaa dera safi, akaacha ovaroli msumarini. Kabla ya kutoka alitia udhu kwa makini, kidole kwa kidole, kama mtu anayekwenda kuswali swala ya mwisho. Alikuwa amejigamba mbele ya Fahmo, lakini njiani kuelekea yadi hofu ilimrudia. Kuapa kweli hakungemwondolea jina la aliyeapishwa. Alifikiria mbuzi wawili wa baba yake na akamwonea wivu kwamba yeye alikuwa na mbuzi wa kutoa.

Yadi ilikuwa imejaa kuliko Jumanne. Habari kama hiyo haihitaji kutangazwa. Mzee Waqo alikuwa amekaa nyuma ya meza, na juu ya meza palikuwa na Msahafu umefungwa kwa kitambaa cha kijani. Wale watatu waliocheka walikuwa mstari wa mbele. Dualeh alikuja na gari lenyewe, lililoshtuliwa asubuhi kwa betri ya lori lake, na akaiacha injini ikiunguruma. Betri ile ya tatu ilishaharibika kwa kukaushwa kila usiku, na akizima hakuwa na hakika kama litawaka.

"Kabale," Mzee Waqo alisema, kwa sauti ya mtu asiyeipenda kazi yake. "Uko na udhu?"

"Niko nayo."

"Sogea."

Alisogea. Alikuwa amebakiza hatua mbili kufika mezani pale tuktuk ilipoingia langoni, moshi ukitoka pande zote mbili, dereva akikohoa na kulalamika. Kiti cha nyuma alikaa Fahmo, wima, chetezo kikiwa mapajani juu ya kitambaa kilichokunjwa, makaa yakiwaka. Alishuka bila kumsalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye gari la mwanawe.

"Zima," alisema.

"Hooyo, nikizima haiwaki tena."

"Zima."

Dualeh akazima. Hakuna mwanamume pale ambaye hangezima. Fahmo akafungua mlango, akakiweka chetezo ndani, akavuta mapazia, akangoja, akakitoa, akafunga mlango. Alifanya kama anavyofanya kila jioni, bila haraka. Kisha akasimama kando. Yadini hapakuwa na friza, na kila mtu alikuwa kimya, kwa hiyo kila mtu aliisikia feni. Mmoja wa wale watatu akainama, akapeleka uso kwenye wavu ulio karibu na gurudumu.

"Ni uunsi," alisema, ameduwaa. "Gari inatoa uunsi."

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa wapakiaji, kikasambaa mpaka mbele. Ndicho kile kile alichokuwa akikikimbia Dualeh, na kilimkuta amesimama wima katikati ya uwanja alioujaza yeye mwenyewe. Fahmo aliwaacha wacheke. Walipotulia alimgeukia Mzee Waqo.

"Rudisha Kitabu msikitini. Betri nimeua mimi, kila jioni, kwa mkono yangu. Na ile ya pili alitoa huyu mtoto wangu. Huyu mwanamke hajaiba kitu." Kisha akamwangalia Kabale, na macho yake hayakuwa yamelainika hata kidogo. "Usifikiri nimekuja kwa sababu yako. Mimi sikupendi. Nimekuja kwa sababu ya mtoto wangu."

"Najua," Kabale alisema.

"Feni bado inakunywa," Mzee Waqo alisema. "Kabale, izime."

"Acha ikunywe, mzee. Nataka Dualeh aseme kwanza."

Watu wote wakamtazama Dualeh. Feni ilinguruma, kisha ikaanza kulegea, sauti ikishuka kidogo kidogo, na hakuna aliyesogea kuizima. Walisimama pale, madereva na wapakiaji na mwenyekiti wao, wakiisikiliza betri ikifa.

"Uliniita mwizi hapa," Kabale alisema. "Sema hapa."

Dualeh alimtazama mama yake, akamtazama Mzee Waqo, akaitazama saa yake. Aliufungua mdomo. Kwa muda mfupi Kabale alidhani kweli atasema, na moyo wake, mjinga, ukajiandaa kumsamehe.

"Shida imeonekana," Dualeh alisema. "Maneno mingi ya nini tena? Toa hiyo kitu kwa gari yangu, nitakupa kazi ya malori yote nne."

Kisha akapanda, akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik. Akateremka, akatazama huku na huku akitafuta waya za kushtulia gari, na wanaume wakaanza kutazamana, halafu wakamtazama Kabale. Waya za kushtulia zilizokuwapo yadini pale siku zote, zile nene, nyekundu na nyeusi, ambazo kila dereva alizichukua asubuhi na kuzirudisha bila hata kuuliza ni za nani, zilikuwa za Kabale.

Zilikuwa zimelala juu ya pipa karibu na Dualeh. Kabale alikwenda akazichukua, akaziviringisha kwenye kiwiko, mzunguko kwa mzunguko, mbele ya macho ya watu wote. Akaziingiza kibandani, akazitundika msumarini juu ya ovaroli yake, akafunga mlango kwa ndani.

Udhu aliokuja nao kwa ajili ya kiapo ulikuwa haujatenguka. Alitandika leso kati ya betri na matairi, akaelekea kibla, akaswali Adhuhuri yake. Alipomaliza aliinua mikono, akamwombea baba yake, akawaombea watoto wake mwenyewe, akamwombea hata yule dereva wa tuktuk. Dualeh hakumwombea. Nje alimsikia akizungusha ufunguo tena, na gari halikujibu.